Deni la Picha



Wapendwa wasikilizaji, katika vijiji vya Wanging'ombe, msiba unapotokea, ipo kazi moja ndogo isiyoandikwa katika ratiba ya mazishi. Kijana mmoja hutumwa kutafuta picha ya marehemu, ili iwekwe juu ya jeneza. Sanduku la nguo hufunguliwa, kurasa za Biblia hupekuliwa, na wajukuu walioko Makambako na Dar es Salaam hupigiwa simu. Mara nyingi kinachopatikana ni ile picha ndogo ya kadi ya mpiga kura: uso umekazwa, macho yamekodolewa. Bibi aliyelima, aliyeimba kwaya, aliyewachekesha wenzake bombani kwa miaka mingi, anaagwa kwa sura ambayo hata wanawe hawaizoei.

Je, hakupata kupigwa picha nyingine? Alipigwa, tena nyingi: siku ya Kipaimara cha mjukuu, siku ya arusi, siku wageni walipotembelea kigango. Kila mara aliambiwa, "Bibi, tutakuletea." Picha zile ziliondoka na waliozipiga, wala hazikurudi. Ndiyo maana leo tumependa kutafakari pamoja nanyi juu ya deni ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa deni.

Miongoni mwetu wapo watu wapendao kupiga picha. Hawaishi kwa kazi hiyo. Yupo mwalimu, muuguzi, dereva, mwanakwaya. Zamani mmoja wao alipokuwa na kamera, filamu yake ilikuwa na picha 36 tu, na kila moja ilipigwa kwa kufikiri. Mkanda ulipokwisha, ulipelekwa mjini kusafishwa, na watu wakangoja majuma kadhaa. Kisha bahasha ikaja, na ndani yake kero: hizi zimeungua, huyu amefumba macho, yule amekatwa kichwa. Siku hizi wengi hupiga kwa simu, na kero zimebadilika sura. Simu imejaa, chaji imekwisha, bando limekatika wakati picha inatumwa, au simu yenyewe imeibwa stendi pamoja na kumbukumbu za miaka 5.

Wenzetu hao wakikutana huonyeshana picha zao, husimuliana kero hizo na kucheka pamoja. Nasi tukitazama, twaona nini? Ukungu wa mwezi Juni juu ya Njombe. Mahindi yaliyoanikwa uani. Alizeti zimeinamisha vichwa. Watoto wakienda shule na mifagio mikononi. Abiria wameegemea mizigo yao katika stesheni ya TAZARA pale Makambako. Hamna sherehe humo. Ni maisha tuliyopewa, ambayo tungeyapita bila kuyaona. Anayesimama kuyatazama ameanza kushukuru, hata kama hajatamka neno.

Lakini kutazama peke yake hakutoshi. Kitabu cha Yoshua, sura ya 4, chatusimulia jinsi Waisraeli walivyovuka mto Yordani. Mungu aliagiza watu 12 watwae mawe 12 katikati ya mto, ili watoto watakapouliza maana yake, wazee wawasimulie. Mawe hayo hayakufichwa nyumbani kwa Yoshua. Yalisimamishwa Gilgali, mahali ambapo kila mtoto angeyaona na kuuliza. Hali kadhalika kule Mji Mkongwe, Ranchhod Oza alifungua studio yake ya picha mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Kwa kuwa picha zao zilitunzwa na kuonyeshwa watu, twaweza hata leo kuiona Zanzibar ya mababu, mitaa yake na wakazi wake.

Tena wengi wenu mtakumbuka habari za Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Alianza kupiga picha angali mwanafunzi, kwa kamera ya kawaida na kwa kupenda tu. Mwaka 1984 alifika Korem, nchini Ethiopia, akapiga filamu ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Picha hizo zilipoonyeshwa na BBC mwezi Oktoba, watu wa mataifa mengi waliguswa, na misaada ikamiminika. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1996, ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro. Njaa ile haikumalizwa na picha. Lakini macho ya mtu mmoja yalifungua mikono ya wengi.

Tulinganishe hayo na yale tunayoyaona katika barabara kuu iendayo Mbeya. Ajali inapotokea, mwenye simu huwahi kupiga picha kabla ya kumwinua majeruhi. Mke hajaambiwa na ndugu zake, naye ameshaiona maiti ya mumewe katika kundi la WhatsApp. Picha ya namna hiyo imemwibia marehemu heshima yake. Chombo ni kilekile alichokishika Amin. Kilichokosekana ni huruma.

Basi, ndugu wapendwa, yatupasa kufanya nini?

Kwanza, tuombe ruhusa. Mzee anayesema, "Leo sijajiandaa," ana haki yake.

Pili, tuwapige picha watu wetu wangali hai, katika kazi zao za kila siku, hasa wale wasioitwa mbele siku za sherehe: anayefagia kanisa, anayekoleza moto msibani, mgonjwa aliyekubali.

Tatu, tulipe deni. Picha moja iliyotolewa kwenye karatasi na kufikishwa mkononi mwa mwenyewe ni bora kuliko 1,000 zilizolala ndani ya simu. Nyuma yake tuandike jina, mahali na tarehe, maana wajukuu watauliza. Nanyi makatekista mwaweza kulianzisha jambo hili katika jumuiya ndogo ndogo: kila familia ilete picha moja ya zamani, na mzee aliyepo ataje majina ya waliomo, kabla naye hajaondoka na majina hayo.

Twajua wapo wanaotusikiliza wakisema moyoni, "Mama yetu amekwisha kufariki, na hatuna picha yake hata moja." Uchungu huo hatuudharau. Kwenu twasema: nabii Isaya, katika sura ya 49, atufundisha kwamba hata mama akiweza kumsahau mtoto wake, Mungu hawasahau watu wake, kwa maana amewachora katika viganja vyake. Huko hakuna kinachoungua wala kinachoibwa. Mama yenu anajulikana huko kwa sura yake halisi, ile mliyoizoea jikoni na shambani.

Juma hili, kabla Dominika nyingine haijafika, kila mmoja wetu azipekue picha alizonazo, atambue ni nani aliyeahidiwa yake na bado anangoja. Ampelekee angali anaweza kuipokea.

Mungu awabariki nyote. Amina.