Kizimba Bora Hupimwa na Paka Mwenyewe: Kulinganisha Makazi ya Jamii ya Paka katika Bustani za Wanyama

Utangulizi

Mgeni wa bustani ya wanyama hukipima kizimba cha simba kwa macho yake mwenyewe. Akiona majani mabichi, mawe yaliyopangwa vizuri, kioo kisicho na vumbi na simba aliyelala karibu, huondoka ameridhika. Akikuta magogo yamekwaruzwa hadi maganda yameisha, nyasi zimeota ovyo na mnyama haonekani, hulalamika kwamba kiingilio chake kimepotea bure. Mara nyingi kizimba cha pili ndicho bora.

Mada hii inatetea hoja moja: ubora wa kizimba hujulikana kwa mambo ambayo mnyama anaweza kuyafanya ndani yake, na kwa dalili anazotoa katika mwenendo na mwili wake. Ukubwa na uzuri huja baadaye. Jamii ya paka ina karibu spishi 40, kuanzia simba anayeishi kwa kundi hadi kimburu anayewinda panya peke yake usiku, kwa hiyo hakuna ramani moja ya kizimba inayowafaa wote.

Kutoka nondo hadi handaki

Hadi mwishoni mwa karne ya 19, simba na chui katika bustani nyingi za Ulaya waliishi kwenye vyumba vyembamba vyenye nondo mbele. Mgeni aliwaona vizuri na msafishaji hakusumbuka. Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg, ndiye aliyeigeuza sura hiyo. Mwaka 1896 alipata hataza ya mandhari yake ya kuonyeshea wanyama, na mwaka 1907 akafungua bustani huko Stellingen. Simba wake walikaa kwenye miamba ya kutengenezwa, wakitenganishwa na watu kwa handaki. Hakukuwa na nondo.

Bustani nyingi duniani zikaiga. Lakini mara nyingi kilichobadilika kilikuwa kile anachokiona mtu, wala si maisha ya mnyama. Simba alibaki juu ya mwamba mtupu, kivuli kidogo, pa kujificha hapana, akitazamwa kutwa nzima.

Handaki nalo lina hesabu zake. Tarehe 25 Desemba 2007, Tatiana, chui-milia wa Siberia katika bustani ya San Francisco, alitoka kwenye kizimba kilichojengwa mwaka 1940. Aliua kijana mmoja na kujeruhi wengine wawili kabla ya kupigwa risasi na polisi. Ukuta wa handaki ulipopimwa ulikutwa na kimo cha takriban mita 3.8, ilhali mwongozo wa chama cha bustani za wanyama nchini Marekani ulipendekeza takriban mita 5. Kizimba hicho kilikuwa kimetumika zaidi ya miaka 60. Ndiyo maana usalama ni kigezo cha kwanza katika ulinganisho wowote, na hupimwa kwa futi na mita, kamwe si kwa mazoea.

Ukubwa una nafasi yake

Mwaka 2003 Ros Clubb na Georgia Mason wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa spishi 35 za wanyama walao nyama. Waligundua kwamba spishi zinazozurura eneo kubwa zaidi porini ndizo zinazorandaranda zaidi kizimbani, na ndizo zinazopoteza watoto wachanga wengi zaidi. Kurandaranda huko si matembezi. Mnyama huenda na kurudi kwenye njia ileile, akigeukia mahali palepale, mpaka ardhi inachimbika ujia kando ya uzio. Watafiti hao walizitaka bustani ziboreshe makazi ya wanyama wa aina hiyo, au ziache kuwafuga.

Hata hivyo, duma jike wa Serengeti huzunguka eneo la takriban kilomita za mraba 800, na hakuna bustani itakayompa nafasi hiyo. Hapo ndipo fundisho la Heini Hediger linaposaidia. Mswisi huyo, aliyeongoza bustani za Bern, Basel na Zürich, alisisitiza tangu miaka ya 1940 kwamba ubora wa nafasi hutangulia wingi wake. Utafiti uliofanywa katika bustani ya Edinburgh na kuchapishwa mwaka 1997 ulilionyesha jambo hilo kwa jamii ya paka: kingo za vizimba zilitumika kurandaranda, na sehemu zilizoinuka zilitumika kutazamia mbali. Uwanja mtupu wa katikati unaweza kunenepesha ripoti kwa mita za mraba bila kumwongezea paka chochote.

Kimo, maficho na majirani

Chui-mawingu wa misitu ya Asia ni mpandaji hodari, na mwili wake umetoa ushahidi mzito kuliko maelezo ya wageni. Watafiti wa Marekani wakiongozwa na Nadja Wielebnowski walipima homoni za msongo katika kinyesi cha wanyama hao kutoka bustani kadhaa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Kadiri kizimba kilivyokuwa kirefu kwenda juu, ndivyo homoni hizo zilivyopungua. Ziliongezeka kwa wanyama waliowekwa hadharani mbele ya watu, na kwa wale walioweza kuwaona wanyama wakali wengine jirani. Mhandisi anayechora kizimba kwa urefu na upana pekee amekisahau kipimo cha tatu, ambacho kwa mpanda miti ndicho chenye uzito.

Huko Washington, Kathy Carlstead na wenzake walichapisha mwaka 1993 utafiti wao juu ya paka-chui, paka mdogo wa Asia. Alipohamishiwa kwenye vizimba vitupu, karibu na paka wakubwa, homoni za msongo zilipanda. Alipowekewa matawi na mahali pa kujificha, zilishuka na kurandaranda kukapungua. Vifaa vyenyewe vilikuwa vya bei nafuu. Kilichohitajika ni mtu wa kutambua kwamba paka mdogo anayesikia na kunusa simba usiku kucha, bila pango la kujichimbia, anaishi kwa hofu.

Duma na uhuru wa kuchagua

Jahangir, mfalme wa dola ya Mughal huko India, aliandika kwamba baba yake, Akbar, aliwahi kuwa na duma wapatao 1,000. Akbar alijaribu kuwazalisha bila mafanikio. Watoto walipatikana mara moja tu, enzi za Jahangir mwenyewe, dume lilipojinasua kutoka kwenye ukosi wake na kumwendea jike. Baada ya hapo, kumbukumbu ya kuzaliwa kwa duma kizimbani haikupatikana tena hadi mwaka 1956, katika bustani ya Philadelphia.

Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewatazama duma wa Serengeti. Majike hukaa peke yao, madume mara nyingi huungana wawili au watatu, na jike na dume hukutana kwa muda mfupi. Bustani nyingi ziliwafungia jike na dume pamoja mwaka mzima, zikashangaa kwa nini hawazai. Kituo cha De Wildt nchini Afrika Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1971, kilifanikiwa kwa kuwatenganisha na kumwacha jike achague dume. Kwa duma, basi, milango na vijia kati ya vizimba vina thamani kuliko ukubwa wa kizimba chochote kimoja.

London na Philadelphia

Machi 2013 bustani ya London ilifungua makazi mapya ya chui-milia wa Sumatra yenye mita za mraba 2,500, mara tano ya yale ya zamani. Kulikuwa na miti ya kupanda, nguzo ndefu ambazo nyama huwekwa juu ili mnyama apande kuifuata, na bwawa la kuogelea, kwa kuwa chui-milia hupenda maji. Oktoba mwaka huohuo mtoto wa chui-milia, wa kwanza kuzaliwa hapo baada ya miaka 17, alizama bwawani na kufa. Februari 2014 mama yuleyule, Melati, alizaa watoto watatu waliokua salama. Kifo kile cha bwawani chafaa kukumbukwa na kila msanifu: kitu kinachomfaa mnyama mzima kinaweza kumuua mwanawe, kwa hiyo makazi hukaguliwa upya kwa kila hatua ya maisha.

Philadelphia ilichukua njia nyingine. Mwaka 2014 ilijenga kijia cha wavu kinachopita juu ya vichwa vya wageni, zaidi ya mita 4 kutoka ardhini, na paka wakubwa hupishana humo kwa zamu. Anayepita leo hunusa alama zilizoachwa na aliyetangulia, huwatazama watu akiwa juu, na hupata mahali papya bila bustani kununua ardhi. Bustani yenye eneo finyu katikati ya mji imepata nafasi kwa kupanda juu.

Hali ya Afrika Mashariki

Kituo cha Entebbe kilianza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima. Kituo cha yatima cha Nairobi na bustani ya Saanane, Mwanza, vilianzishwa mwaka 1964, na Saanane ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Historia hiyo ina maana yake. Wengi wa simba, chui na duma katika vituo vya aina hii hufika wakiwa watoto waliopoteza mama, na kizimba kwao ni kimbilio. Lakini kimbilio la dharura likigeuka makazi ya miaka 15, lazima lipimwe kwa vigezo vya makazi.

Ukanda huu una faida ambazo London haina: hali ya hewa ni ileile ya mnyama, na magogo, mawe, vichuguu na nyasi ndefu vinapatikana jirani. Wanaosahaulika zaidi ni paka wadogo. Mondo, mwenye miguu mirefu na masikio makubwa, huwinda kwa kusikiliza panya ndani ya nyasi na huruka zaidi ya mita 2 kumkamata ndege. Kumweka juu ya saruji ni kumnyang'anya masikio na miguu. Simbamangu na kimburu nao wanastahili mpango wao, badala ya kupewa kizimba kilichobaki baada ya simba kupata chake.

Vigezo vya kulinganisha

Ukaguzi wa haki ujibu maswali sita. Je, uzio una kimo na uimara unaolingana na uwezo wa spishi husika? Je, mnyama anaweza kupanda, kulala juu na kutazama mbali? Je, anaweza kujificha asionekane kabisa? Je, chakula humfanya atafute, apande au akimbize, au hurushwa mahali palepale kila siku saa ileile? Je, anaweza kumkwepa jirani asiyempenda na kumwendea anayemtaka? Na je, vyumba vya usiku vikoje?

Swali la mwisho husahauliwa kuliko yote. Bustani ikifungwa saa 11 jioni na kufunguliwa saa 3 asubuhi, mnyama anayefungiwa ndani hukaa huko saa 16. Theluthi mbili za maisha yake zinapita kwenye chumba ambacho mgeni hakioni na ambacho picha za matangazo hazionyeshi.

Mapendekezo

Mada hii inapendekeza kila kituo kiwe na daftari la mwenendo, ambamo mtunzaji anaandika kwa zamu fupi kila siku mahali mnyama alipo na kama anarandaranda. Kazi hiyo inahitaji saa, kalamu na mtu mwenye subira. Vituo vya Entebbe, Nairobi na vya Tanzania vikitumia fomu moja, vitaweza kulinganisha matokeo kwa haki na kusaidiana. Wasimamizi nao wakubali kuwaeleza wageni kwamba siku nyingine chui hataonekana, kwa sababu amepewa haki ya kujificha. Fedha za ukarabati zielekezwe kwanza kwenye maficho, majukwaa ya juu na vyumba vya usiku. Vioo na mapambo ya mbele yasubiri.