Sifa za Mshika Daftari la Wafanyakazi



Kariakoo ilipata jina lake kutokana na wapagazi. Baada ya Waingereza kuutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi mahali hapo, na ndimi za wenyeji zikalizungusha jina hilo mpaka likawa Kariakoo. Maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa kwa maradhi na uchovu, na ujira wa wengi wao haukuwafikia jamaa zao kamwe. Majina yaliandikwa ovyo, vijiji havikutambulikana, na wakoloni hawakuona haya kuzizuia fedha hizo.

Yafaa kukumbuka habari hiyo linapoulizwa swali la leo: ni nani anayestahili kukabidhiwa majalada ya wafanyakazi?

Majirani wa Kenya wamelijibu kwa sheria. Sheria Na. 52 ya mwaka 2012 iliitambua kazi ya usimamizi wa rasilimali watu kuwa taaluma, ikaweka bodi ya mitihani na daftari la wanataaluma. Anayetaka kuingia hutakiwa awe na elimu inayokubalika, awe mwanachama wa taasisi ya taaluma hiyo, asajiliwe, kisha awe na cheti cha kufanyia kazi, ambacho huhuishwa kila mwaka. Hapa Tanzania wahasibu waliwekewa sheria yao ya usajili tangu mwaka 1972, na kila katibu anajua uzito wa jina la mhasibu aliyesajiliwa.

Lakini katika chama kidogo chenye ofisi ya chumba kimoja nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, hakuna afisa utumishi. Yupo katibu. Ndiye anayeajiri mlinzi, karani na mchukuzi wa ghalani, naye aghalabu huwaajiri kwa maneno ya mdomo tu. Hana cheti cha taaluma hiyo, na wala Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimsamehi kwa sababu hiyo.

Sheria hiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: jina, umri, anwani na jinsia yake, mahali alipoajiriwa, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, na ujira pamoja na namna unavyokokotolewa. Maelezo hayo hayana budi kutunzwa miaka 5 baada ya ajira kwisha. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa juma, na likizo ya mwaka ni siku 28.

Uzito wake huonekana siku ya ugomvi. Mchukuzi akiachishwa, anazo siku 30 za kupeleka shauri la kuachishwa isivyo haki mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akidai kwamba alipatana na chama mshahara fulani, na chama kikashindwa kutoa mkataba au yale maelezo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha unakiangukia chama. Katibu atasema, "Tulipatana kidogo kuliko hicho," lakini kabati ni tupu. Fedha zitakazolipwa hapo ni akiba za wanachama, mama ntilie na wauza mitumba, ambao hawakuwapo siku mtu huyo alipoajiriwa.

Kwa vijana wanaotaka kazi hii, njia haianzii chuo kikuu. Katika ngazi za NACTVET, ngazi ya 4 ni cheti cha msingi na ya 6 ni stashahada. Na mwenye stashahada aweza kuendelea hadi shahada. Chama chenye wafanyakazi wengi kingefanya busara kumsomesha karani wake mmoja kuliko kulipa fidia moja. Hata hivyo karani huyo, kabla ya kwenda kusoma, aweza kuanza Jumatatu kwa kuandika maelezo ya kila mfanyakazi, akampa kila mmoja nakala yake, na kuwataka watie sahihi.

Na nakala ya chama isikae kabati moja tu. Soko lenyewe la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021.