Anayekutafuta Ndiye Alipe Tikiti

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wachezaji wa shule za sekondari, Salamabila, baada ya mechi)

Wadogo zangu, kaeni kwanza. Najua miguu imechoka, na jua hili halina huruma. Wale wa nyuma sogeeni, sina megafone.

Mimi si kocha. Mpira niliucheza vibaya, mnaweza kuuliza wale niliosoma nao. Nina diploma ya chuo kikuu ndani ya sanduku, kazi sina, kwa hiyo muda wa kusoma ninao mwingi. Wiki hizi tatu nimekuwa nikisoma kanuni za FIFA kwenye simu, pale kilimani ambako rezo inashika, juu ya jambo moja linalozunguka hapa kwetu. Wazazi wawili wamekuja kuniuliza. Mnalijua. Kuna bwana anapita kwenye viwanja, anatazama mazoezi, halafu anamwita mtoto pembeni. Ana watu Ulaya, ana nafasi za testi. Anataka dola mia mbili za dosie. Asiye na dola alete dhahabu.

Simtaji jina, sababu sijamjua vizuri bado. Labda ni mtu mwema. Nataka tu mjue namna ya kumpima kabla mama hajauza kitu.

Mtoto wa baba mkubwa wangu alikuwa winga wa kushoto. Wakubwa waliopo hapa wanamkumbuka. Ameniruhusu kusimulia, ila amekataa kuja mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na saba, yuko kalasi ya tano, akatokea maneja kama huyu. Mama yake akauza mbuzi wawili, baba akatoa dhahabu kidogo aliyokuwa ameificha ya kujengea nyumba. Wakapita Misisi, wakashuka Baraka, wakavuka ziwa mpaka Kigoma. Kule akaambiwa klabu ya Dar es Salaam inamngoja, imebaki karatasi moja tu. Maneja akaenda kuitafuta hiyo karatasi. Mpaka leo anaitafuta. Simu ilizimwa siku ya pili, na mwenye nyumba ya wageni akataka pesa yake. Mtoto akabeba mizigo bandarini miezi minne mpaka akapata nauli. Alirudi na viatu vya plastiki, vile vya mpira alikuwa ameviuza. Shule hakurudi, aliona haya kukaa kalasi moja na wadogo zake. Sasa yuko kwenye mashimo ya dhahabu, na Maniema Union ikicheza kwenye redio anatoka nje ya nyumba.

Kosa la nyumba yetu lilikuwa wapi? Hatukuuliza swali moja: pesa inatembea upande gani?

Klabu inayokutaka kweli inatafuta faida kwako. Kwa hiyo yenyewe ndiyo inalipa nauli yako, kitanda na chakula. Wakala naye anakula asilimia ya mkataba mkishasaini, yaani anakula baada yako, hali kabla. Mpira una pesa hata kwa ekipe ndogo kama hizi zetu, na wengi hawajui. Mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23. Tena kuna malipo mengine ya malezi kwa wale waliomfundisha kati ya miaka 12 na 21. Lakini ekipe inalipwa kama jina lako liliandikwa rasmi pale, na lisansi ipo. Ndiyo sababu nawasumbua makocha wetu juu ya lisansi. Mtoto akicheza miaka mitano bila kuandikwa popote, kwa FIFA hiyo miaka mitano haikuwepo.

Sasa umri. Kanuni ya FIFA juu ya uhamisho, kifungu cha 19, inakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Kuna vipengele vya pembeni: wazazi wakihama kwa sababu zao zisizo za mpira, mtoto aliyekimbia nchi akitafuta hifadhi, watoto wa miaka 16 mpaka 18 wanaohama ndani ya Ulaya yenyewe, na mtoto anayekaa ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka wa nchi. Chukueni ramani mpime, Salamabila haiko kilomita 50 na mpaka wowote. Basi mtu akikuambia wewe wa miaka kumi na sita kwamba mwezi wa tisa utasaini Ubelgiji, anakudanganya, hata kama suti yake ni ya kweli.

Na yeye mwenyewe ana lisansi? Tangu 2023 wakala wa mpira lazima awe amefaulu mtihani wa FIFA na kupewa lisansi. Majina yao yako kwenye ukurasa wa FIFA, mtu yeyote anaweza kutafuta, bei yake ni mega chache za simu. Mkataba kati ya mchezaji na wakala hauzidi miaka miwili. Kwa mtoto mdogo, haruhusiwi hata kukukaribia mpaka ibaki miezi sita ufikishe umri wa kusaini mkataba wako wa kwanza wa kulipwa, na hapo anahitaji ruhusa ya maandishi ya mzazi. Ya maandishi, si ya kunong'onezwa nyuma ya goli. Karatasi niliyoonyeshwa na mzazi mmoja hapa inasema miaka kumi. Usiku huo sikulala.

Wengine mtasema, yaya, wewe unaogopa sana, bora mtu afike Ulaya, mengine atayapanga huko huko. Sawa. Wacha niwape habari ya mtu aliyefika.

Silas Katompa Mvumpa ni Mkongomani, mzaliwa wa Kinshasa. Alicheza Stuttgart, ligi kuu ya Ujerumani, na msimu wa 2020-21 alifunga mabao 11. Lakini mashabiki hawakuwa wanaita Katompa, walikuwa wanaita Wamangituka. Mwezi wa sita 2021 klabu ikatangaza ukweli. Alikuwa ameenda Ubelgiji kwa testi akiwa kijana, viza ikawa inaisha. Wakala wa wakati ule akamtisha kwamba akirudi Congo hatapata tena nafasi ya kurudi Ulaya. Akamweka kwake Paris. Jina likabadilishwa, umri ukapunguzwa mwaka mmoja. Hati zilikuwa kwa wakala, hata akaunti ya benki wakala aliingia humo. Huyu ni mtu anayefunga kwenye viwanja vikubwa, watu wanapiga makofi, na yeye anaishi kwa woga kila siku, sababu jina linaloitwa si lake. Alisema ukweli mwenyewe, baada ya kumwacha yule wakala. Klabu ilisema yeye ndiye aliyedhulumiwa, na hata hivyo Shirikisho la Ujerumani likamfungia miezi mitatu na faini ya euro 30,000. Alipona sababu alikuwa amekwisha kuwa nyota na klabu ilisimama nyuma yake. Wewe ambaye hujasaini popote, nani atasimama nyuma yako?

Hapa tuseme ukweli kati yetu. Wengi wenu mlichukua kadi ya mchaguzi mkiwa na miaka kumi na tano, mkaongeza mitatu ili mpate kitambulisho. Sicheki, hata mimi nilifanya vile. Sasa anakuja maneja anataka kupunguza minne. Mtoto mmoja ana umri wa kadi, umri wa buletini, umri wa lisansi na umri wa maneja, mama yake peke yake ndiye anajua alizaliwa lini. Tangu 2009 FIFA inapiga picha ya kifundo cha mkono kwenye mashindano ya walio chini ya miaka 17, na mfupa hauna diplomasia.

Sheria yetu ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inampa mzazi siku 90 za kuandikisha mtoto kwa Eta Sivil. Zikipita, unapitia tribinali ya watoto kupata hukumu, na pale ndipo watu wanachoka, wanatafuta njia fupi. Wenye wadogo waliozaliwa mwaka huu, waambieni mama leo hii. Na paspoti ikipatikana siku moja, inakaa kwako au kwa mzazi. Maneja anapewa kopi.

Nimesema mengi juu ya Ulaya, lakini kuna mlango mwingine ambao hamuulizi, nao ni chuo kikuu. Marekani vyuo vina ekipe kubwa, vinatafuta wachezaji kwenye sekondari na kuwalipia masomo, basketi na mpira wa miguu pia. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma 2002, akaenda kule 2016 akiwa mtoto, akasoma sekondari huku anacheza basketi, na 2021 Golden State Warriors wakamchagua wa saba. Mnampenda wote, nawaona na jezi zake. Lakini mimi nawapa Mutombo. Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa kwenda Georgetown 1987 kwa basi ya masomo, akitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson alimkuta tayari yuko chuoni, ndipo akamwita uwanjani. Baada ya miaka minne akachaguliwa wa nne na Denver, akiwa na diploma ya isimu na diplomasia. Kilichomtoa Kinshasa ni daftari.

Vile vyuo havitazami miguu tu. Vinataka alama za miaka yote ya sekondari na Kiingereza. Kwa hiyo buletini ile mama anafungia karanga, iondoeni pale, kila mwaka mpige kopi. Vyuo vya daraja la tatu la NCAA havitoi basi ya michezo kabisa, mtu akikuahidi hiyo kwa chuo cha namna ile, anaota. Hati inayoitwa I-20, ambayo bila hiyo hupati viza ya mwanafunzi, inatolewa na chuo chenyewe. Haiuzwi na mtu wa Bukavu wala wa Kampala.

Karibu zaidi kuna Kindu. Maniema Union si ndoto ya televisheni, ni ekipe ya mkoa wetu, na 2024 ilifika makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, kundi moja na Raja na Mamelodi Sundowns. Mtu akisema ametumwa nao, au na TP Mazembe, mwombe barua yenye kichwa cha klabu, halafu tafuteni wenyewe namba ya klabu muulize. Msipige ile namba aliyowapa yeye, atapokea ndugu yake.

Wasichana, ninyi nawaomba muwe wakali zaidi ya hawa kaka zenu. TP Mazembe ya wanawake ilichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2024, kwa hiyo nafasi ipo. Lakini testi ya msichana inafanyika uwanjani, mchana, na mzazi au kocha wako akiwepo. Mtu akisema njoo hotelini tuongee mkataba, rudini nyumbani mkaseme. Kuna watu hapa watakaowasikiliza.

Bon. Jumamosi saa kumi niko pale kilimani kwenye rezo. Mwenye karatasi yoyote aliyopewa ailete, hata kama ameisaini tayari, hatutamgombeza. Tutaingiza jina moja moja kwenye ukurasa wa FIFA tuone. Mega nitaweka mimi. Leteni na buletini, mwalimu wetu mmoja wa Kiingereza amekubali kuja. Wazazi wakipenda waje.

Na yule bwana, mkimwona leo jioni, mwambieni naye amealikwa. Aje na lisansi yake.