Mtoto Aliyekimbia Vita Akiwa Darasani

Tangu 1996 kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Kigoma, imepokea watoto waliokimbia vita vya Kongo. Mwaka 2015 wakaja wa Burundi. Mtoto wa namna hiyo, mlango ukibamizwa, anaweza kujitupa chini ya dawati. Mwingine hafungui mdomo, au anasinzia darasani kwa kuwa usiku jinamizi halimwachi. Huo si utukutu, mwalimu, wala si uvivu. Usimchape. Mkalishe mahali anapouona mlango, mwambie mapema kengele ikikaribia kulia. Usimlazimishe kusimulia aliyoyaona. Mwache achore, acheze na wenzake. Asipotulia baada ya mwezi, zungumza na mlezi wake, mumpeleke kituo cha afya.