Waya Hauulizwi: Maneno ya Mafundi Mbele ya Mkutano wa Wanachama



Mmetutaka sisi mafundi wa karakana tuwaeleze habari za ile Peugeot 404 kuukuu tuliyoifufua. Tutasema kwa ufupi, maana wengine wenu wanaingia kazi ya usiku.

Wazee waijua gari hii. Ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Pikapu zake zilijengewa nyuma vibanda vya bati na mbao, zikawa matatu. Na mwaka 1973, Rais Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi, zilizidi kuongezeka. Hii yetu ni moja ya hizo. Mwenyewe alitaka ipone, apate kuwateremsha wageni wake mpaka Mai Mahiu.

Katika 404 mkono wa gia uko kwenye usukani, si sakafuni. Fito za chuma ndizo zinazopeleka nguvu ya mkono hadi giaboksi. Fito za kiwandani zilikwisha zamani. Fundi mmoja tusiyemjua alikata nondo, akaipinda, akaifunga kwa bolti, na mahali pa bushi akatia mpira wa tairi. Tulikuta matundu ya bolti yamelika, yamekuwa kama yai. Kila kiungo kilicheza kidogo tu, lakini ukivijumlisha vyote, mkono wa gia ulicheza shibiri nzima. Gia ilikuwa haiingii mpaka mwisho, na gia isiyoingia mpaka mwisho huruka.

Tuliucheka ule mpindo wa nondo. Tukatengeneza ufito mpya ulionyooka. Tulipoufunga, ukagusa bomba la moshi. Hapo tukanyamaza. Kumbe mwenzetu hakuwa mjinga. Aliyekosa ni yule aliyemnyima chuma kizuri. Sisi nasi tukapinda kama yeye, ila kwa chuma kinene kisichonepa. Bushi tukazikereza kwa shaba nyeusi. Nchani tukakata skrubu, ili urefu uweze kurekebishwa: kwanza giaboksi iwe fri, na mkono wa gia uwe fri, ndipo upime na kukaza nati. Mwisho tukaitikisa injini, kwa sababu injini hucheza juu ya mipira yake njiani, na ufito usio na nafasi huweza kuichomoa gia.

Kazi haijaisha, tajiri wetu akaja siku ya Alhamisi. Akasema, "Mteja anaitaka kesho. Fungeni kwa waya."

Ndugu zetu, gia ya pili ikiruka kwenye mteremko, injini haizuii gari tena. Breki zinabeba mzigo wote peke yake, zinapata moto, mwisho hazishiki. Na siku ya kesi ataulizwa dereva, kisha fundi. Waya hauulizwi.

Kijana aliyeamriwa kufunga alitutazama. Tukaweka spana chini sote sita, tukasema, "Bwana, hatufungi waya." Alifoka sana, akasema atatukata malipo ya siku mbili, na kweli alikata. Gari ilitoka Jumatatu. Iliteremka na watu wake, ikapanda tena, gia haikuruka hata mara moja. Fedha zetu bado twazidai, na katibu amekwisha kuandika barua.

Basi twawaomba mambo mawili. La kwanza, kila karakana iwe na daftari. Andikeni mlichokuta, mlichobadilisha na sababu yake, ili fundi ajaye nyuma yenu asibahatishe kama tulivyobahatisha sisi.

La pili, ukiambiwa ufunge waya, usikatae peke yako. Waite wenzako kwanza. Mmoja akikataa, kesho mahali pake pana mtu mwingine. Karakana nzima ikikataa, gari hungoja mpaka Jumatatu.