Fundi Sanifu Ujenzi: Kazi ya Kupima na Kusema Kweli

Utangulizi

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, nyumba nyingi hukitaja chuo cha ufundi kama mahali pa kumpeleka mtoto aliyekosa kidato cha tano. Mada hii inapinga fikra hiyo. Fundi sanifu ujenzi ana taaluma iliyokamilika, na nguzo yake ni kupima kwa usahihi na kuandika kipimo kama kilivyo.

Nafasi yake kazini

Mhandisi hupiga hesabu na kusanifu. Mwashi, seremala na msuka nondo hujenga. Fundi sanifu yuko kati yao kila siku. Husoma ramani, hupima levo, hukagua nondo kabla hazijafunikwa na zege, huchukua sampuli na kujaza daftari la saiti.

Tuangalie kipimo cha slampu. Koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300 hujazwa zege kwa matabaka matatu, kila tabaka likishindiliwa mara 25 kwa ufito wa chuma. Koni huinuliwa wima, polepole, kisha hupimwa zege limeshuka kiasi gani. Likishuka kupita kiwango kilichowekwa, mara nyingi maji yamezidi, na maji yakizidi zege hupungua nguvu.

Zege hilohilo hujazwa kwenye kyubu za milimita 150, ambazo huhifadhiwa majini na kuvunjwa maabara baada ya siku 7 na siku 28. Kwa zege la nyutoni 25 kwa milimita ya mraba, kyubu ya siku 28 inapaswa kuhimili takriban kilonyutoni 562. Matokeo ya kuvunja kyubu ndiyo yanayomwambia mhandisi kama nguzo iliyomwagwa mwezi uliopita inaaminika.

Njia ya kufika

Mwenye ufaulu unaotakiwa kidato cha nne, hasa Hisabati na masomo ya sayansi, huanza ngazi ya 4 ya tuzo za ufundi na kumaliza stashahada, ngazi ya 6, kwa kawaida kwa miaka mitatu. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha fani hii. Anayetaka shahada anaweza kuendelea ngazi ya 7 na 8. Bodi ya Usajili wa Wahandisi nayo husajili mafundi sanifu, na serikalini kuna cheo cha Fundi Sanifu chenye madaraja yake.

Changamoto

Ugumu mkubwa ni shinikizo. Jua limewaka, zege linaanza kukaza, na mafundi wanaomba ndoo moja ya maji ili limwagike kirahisi. Anayekataa ni kijana wa stashahada, mbele ya watu waliomzidi umri na wenye haraka ya kumaliza. Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, Dar es Salaam, na kuua watu zaidi ya 20. Chanzo cha kila ajali ya namna hiyo hutafutwa na wachunguzi, lakini funzo kwa wajenzi wote liko wazi: uzembe wa saiti unaweza kugharimu maisha.

Mapendekezo

Shule ziwapeleke wanafunzi saiti na maabara kabla hawajajaza fomu za kuchagua tahasusi na vyuo. Waajiri wampe fundi sanifu mamlaka ya maandishi ya kusimamisha umwagaji zege pale kipimo kinapokataa, na wamlinde anapoyatumia. Nanyi vijana, mkienda mafunzo kwa vitendo, msikubali kukaa ofisini kutoa nakala za karatasi. Ombeni kushika levo, ombeni kujaza koni, na sahihi yenu iwekwe tu chini ya kipimo mlichokichukua wenyewe. Fundi sanifu huaminika kwa sahihi hiyo.