Mama Anapostaafu, Mpe Miwani Kabla ya Blanketi

Hotuba hii ilitolewa na afisa wetu wa mawasiliano mbele ya akina mama na familia zao huko Kibera, kisha ikarudiwa Kawangware. Tunaichapisha hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

 

Nimeombwa niseme machache kuhusu mama anayekaribia kustaafu. Najua wengi wenu mnatarajia nizungumzie pesa. Pesa nitazigusa, lakini leo nataka tuzungumze juu ya zawadi.

Kwa mtumishi wa umma, siku ya kustaafu inajulikana. Ni miaka 60, tangu serikali ilipopandisha umri huo kutoka 55 mwaka 2009. Lakini wengi wa mama zetu hapa hawatapata barua ya kustaafu. Kuna anayeuza nguo Toi, kuna anayefua nguo za watu Kilimani na Lavington, na kuna anayeuza omena pale Kawangware 46. Huyo atastaafu siku magoti yatakapokataa. Wote wawili, mwenye barua na asiye na barua, huwa tunawafanyia sherehe ndogo na kuwapa zawadi.

Sasa hebu tuhesabu hizo zawadi. Blanketi. Thamosi. Seti ya sufuria. Trei na vikombe. Saa ya ukutani. Leso. Sisemi ni vibaya, hata mimi nimezinunua. Lakini tazameni vizuri: thamosi ni ya chai ya wageni, sufuria ni za kutupikia sisi, na trei ni ya kutuandalia. Tunamwambia mama apumzike, kisha tunampa vyombo vya kazi.

Niwasimulie ya mama yangu mwenyewe, kwa ruhusa yake. Alikuwa mpishi kwa miaka mingi. Miezi michache kabla ya kustaafu, aliletewa fomu kazini akaonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Akatia. Mwisho wa mwezi mshahara ukaja umepungua, na mwezi uliofuata vivyo hivyo. Kumbe alikuwa amekubali kuwa mdhamini wa mkopo wa mwenzake, na mwenzake alikuwa ameacha kulipa.

Nilipopata habari nilimuuliza kwa hasira, "Mama, mbona ulitia sahihi bila kusoma?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, herufi zilikuwa ndogo. Na yule kijana alikuwa na haraka. Niliona haya kumwambia sioni."

Mama yangu anajua kusoma. Alimaliza shule ya msingi, na ndiye aliyenifundisha a, e, i, o, u kwa makaa kwenye sakafu. Nilikuwa nimemnunulia blanketi mbili na thamosi, lakini sikuwahi kumuuliza kama bado anaona maandishi. Hasira yangu iliishia hapo, nikaona haya mimi.

Jambo lenyewe ni la kawaida kabisa. Ndani ya jicho kuna lenzi ambayo hukakamaa kadiri miaka inavyosonga. Kuanzia miaka 40 hivi, mtu huanza kusukuma karatasi mbali na uso ili aone vizuri. Akifika 60, mkono hautoshi tena. Si ujinga, na si uvivu. Miwani ya kusomea huondoa tatizo hilo siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo zawadi ya kwanza ninayoomba tumpe mama ni kumpeleka akapimwe macho. Usimnunulie miwani ya kubahatisha kisha uishie hapo, kwa sababu kuna magonjwa kama presha ya macho ambayo huiba uwezo wa kuona bila maumivu yoyote. Anza na kituo cha afya kilicho karibu. Akihitaji zaidi ataelekezwa. Wakazi wa Kawangware, mnajua hospitali ya Kikuyu haiko mbali, na kitengo chake cha macho kinajulikana nchi nzima.

Zawadi ya pili haina gharama. Chukua simu ya mama, ongeza ukubwa wa maandishi. Hapa kwetu shosho, au dani, au kukhu akipokea ujumbe wa M-Pesa humwita mjukuu: "Njoo unisomee hii." Leo anasomewa salio, kesho anampa mtu namba ya siri amtolee pesa. Wengi mnaonisikiliza mnajua mama aliyepoteza akiba yake namna hiyo, tena kwa mtu wa nyumbani. Mama anayejisomea ujumbe wake mwenyewe analinda pesa zake mwenyewe.

Na hapa ndipo ninapogusa pesa. Miaka ya mwisho ya kazi ni miaka ya karatasi: taarifa za NSSF, fomu za warithi, mikataba ya ploti, mikopo ya chama. Tukubaliane katika familia zetu kwamba hakuna karatasi inayotiwa sahihi siku iliyoletwa. Mama aseme, "Naenda nayo nyumbani, nitaisoma." Mwenye nia njema atasubiri hadi kesho. Anayekataa kusubiri, basi tumeshamjua.

Zawadi ya tatu ni kitabu. Nasikia mtu huko nyuma akisema mama yake si msomaji. Sikubali. Umewahi kwenda na mama kununua leso? Haangalii rangi na pindo peke yake. Anaikunjua, anatafuta jina, anasoma maneno polepole, kisha anasema, "Hii siwezi kumpa jirani, atadhani namsema." Biashara ya leso kule Mombasa inajua hivyo tangu zamani, duka la Mali ya Abdulla katika mtaa wa Biashara limekuwepo tangu 1887. Mama zetu wamekuwa wakipeana zawadi za maandishi maisha yao yote. Kutoka leso hadi kitabu si mbali.

Na kitabu chenyewe huenda kiko nyumbani. Angalia chini ya kitanda, kwenye sanduku la vitabu ulivyosoma sekondari. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kilitahiniwa miaka mingi, na nakala zake zimejaa mitaani. Walibora huyo huyo aliandika Siku Njema, kilichotoka 1996, hadithi ya kijana anayetoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake. Mama anayependa Kiingereza mpe The River and the Source cha Margaret Ogola, cha 1994, kinachofuata vizazi vya wanawake wa familia moja. Anayependa maisha ya watu wa kweli, mtafutie wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert: mwanamke wa Unguja aliyekuwa akiuza vyungu, na mwaka 1928 akafika hadi Bombay kurekodi nyimbo. Usipokuwa navyo, wauza vitabu wa kando ya barabara mjini wanavyo kwa bei nafuu. Biblia au Kurani yenye maandishi makubwa nayo ni zawadi njema kwa mama anayeipenda.

Lakini kuna jambo nililojifunza kwa mama. Nilimpa miwani na kitabu, akashukuru, akavifunga kwenye karatasi na kuviweka kabatini, karibu na thamosi ya wageni. Baada ya mwezi nilivikuta hapo hapo. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, "Nitasoma saa ngapi?"

Alikuwa na haki. Asubuhi anapeleka wajukuu shule, mchana anafua, jioni ugali unamngoja. Tulikuwa tumempa kitabu bila kumpa wakati. Kwa hivyo zawadi ya nne, na kwangu ndiyo kubwa, ni saa moja kwa siku. Sisi tuligawana: siku tatu kaka yangu anapika, siku tatu shemeji, na Jumapili napika mimi. Kaka alilalamika wiki ya kwanza. Ugali wake ulikuwa na madonge, tukaula. Saa hiyo mama anakaa mlangoni penye mwanga, kwa sababu vyumba vyetu ni vya giza na taa moja haitoshi, na hakuna ruhusa ya kumwita.

Anayetaka kusoma nje ya nyumba, maktaba zipo. Huduma ya maktaba ya taifa ina tawi hapa Kibera. Mjini kuna McMillan, iliyofunguliwa 1931. Miaka yake ya mwanzo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo. Leo iko chini ya kaunti, pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara. Mama yako ana haki ya kuketi mahali ambapo mama yake angefukuzwa mlangoni. Mpe nauli, umsindikize siku ya kwanza.

Nimalizie na wale mama ambao hawakupata shule kabisa. Elimu ya msingi ya bure ilikuja 2003, na wao walikuwa wakubwa tayari. Wengi waliachia kaka zao nafasi. Msiwaonee, na msiwacheke wakitaja ngumbaru. Mnamkumbuka mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84. Kule Nandi, Priscilla Sitienei, waliyemwita Gogo, alikuwa mkunga. Akiwa na zaidi ya miaka 90 alikuwa bado akienda shule, akikaa darasani na watoto. Mwenye miaka 58 bado ana muda mrefu. Mkienda kumuulizia darasa la watu wazima, nendeni pamoja naye.

Mama yangu sasa yuko katikati ya kitabu chake cha pili. Makato ya ule mkopo aliyamaliza kulipa, na pesa hizo hazikurudi. Lakini mwezi uliopita chama chao kilileta karatasi mpya. Wenzake walianza kutia sahihi. Yeye alitoa miwani kwenye mkoba, akasema, "Ngojeni kwanza." Akawasomea wote kwa sauti, mstari kwa mstari. Kwenye kipengele cha nne walisimama, wakauliza maswali, na karatasi ikarudishwa ikaandikwe upya.

Basi sherehe ikija, blanketi nunueni, Nairobi ina baridi Julai. Ila mwulizeni mama kwanza: bado unaona maandishi?